SOMO KWA KIJANA ALIYEUNGUA NA MOTO: MOYO NAO UNA WAKATI WAKE WA KUKOMAA

Ndugu kijana, somo hili ni lako wewe uliyeungua sana na moto, na sasa munganga amekuambia unaweza kurudi nyumbani. Bande zimepunguka. Chakula kinapita. Jamaa wanakuja kukuamkia, wanasema: "Aksanti, umepona!" Lakini wewe unajua kuna kitu ambacho hakijapona bado. Usiku unasikia tena harufu ya esanse. Mchana hutaki kutoka nje sababu ya macho ya watu. Unajiuliza kama utaoa au utaolewa, kama wenzako wa masomo watakukubali, kama mikono hii itashika tena jembe, kalamu au sindano. Maulizo haya hayana kidonge. Ndiyo sababu tumeandika kurasa hizi. Wazazi na wauguzi wasome pia, maana kuna maneno yao ndani.

Si wewe peke yako

Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu vifo karibu 180 000 kila mwaka vinavyoletwa na kuungua, na sehemu kubwa ni katika inchi maskini. Wale wanaoungua na kubaki hai ni wengi kupita hao. Hapa kwetu Congo sababu tunazijua: mbabula iliyowekwa chini pahali watu wanapita, sufuria ya mafuta ya moto, petroli ya taa ambayo mwenye kuuzisha aliichanganya na esanse, kifafa kinachomwangusha mtu jikoni. Tena kuna kamio za esanse. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, pale Sange, katika njia ya Bukavu kwenda Uvira, kamio moja ilipinduka. Watu walikuja na bidoni kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba ya video, wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa.

Habari za namna hii huhesabu wafu. Somo letu ni juu ya wale waliobaki, hasa vijana, maana mtu wa miaka 18 au 22 anaungua wakati ule ule anapotafuta kujua yeye ni nani, atafanya kazi gani, nani atampenda. Mzee akipata kovu, watu wanamjua tayari. Kijana anapaswa kujulisha watu uso ambao yeye mwenyewe hajauzoea.

Moto si mwalimu

Utasikia watu wakikuambia: "Usilie, kila jambo lina faida yake." Wanasema hivi kwa upendo, lakini maneno yao yanaweza kukuumiza kuliko kidonda. Sisi tunasema wazi: moto haukukuletea zawadi yoyote. Ulikuharibu ngozi, ulikutia maumivu, pengine ulikuua rafiki. Usikubali mtu akulazimishe kuushukuru.

Lakini kuna jambo lingine ambalo ni kweli vilevile. Katika chuo kikuu cha Charlotte, inchi ya Marekani, wataalamu wawili wa mambo ya moyo, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walisikiliza kwa miaka mingi watu waliopatwa na misiba mikubwa. Waliona kwamba wengi, pamoja na uchungu wao, walisema pia: "Mimi si yule wa zamani. Kuna kitu ndani yangu kimekomaa." Mwaka 1996 walitoa karatasi ya maneno 21 ya kupima badiliko hilo, na tangu wakati ule karatasi yao imetumiwa katika inchi nyingi, hata kwa watu walioungua.

Mfano wao ni wa tetemeko la inchi. Sisi wa upande wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana. Wakaaji wa Bukavu wanakumbuka siku ya tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2008, namna nyumba zilivyopasuka na nyingine kuanguka. Tetemeko halijengi nyumba hata moja. Lakini mtu anayejenga tena anauliza: ukuta gani ulikuwa zaifu? Matofali gani yanafaa bado? Nani alikuja kunisaidia kubeba mawe? Akijenga kwa kufuata maulizo hayo, nyumba ya pili inaweza kusimama vizuri kuliko ya kwanza. Kukomaa kwa moyo ni kazi hii ya kujenga tena. Ni kazi, tena ni ya polepole, na mtu haifanyi peke yake.

Mabadiliko wanayoyasema ni ya namna tano. Moja ni nguvu: kijana aliyepita siku za kubadilishiwa bande, akauma meno na kurudi kesho yake, anajua jambo juu yake mwenyewe ambalo wenzake hawajui juu yao. Ya pili ni kuthamini mambo madogo, kama kuoga bila maumivu, ao kufunga vifungo vya shati kwa vidole vyako mwenyewe. Ya tatu ni njia mpya: masomo ao kazi ambayo mbele hukuiwaza. Ya nne ni roho. Hapa usishangae kuona tofauti: mmoja anaomba kuliko zamani, mwingine anamkasirikia Mungu miezi mingi. Huyu wa pili asigombezwe. Hasira nayo ni namna ya kuzungumza.

Ya tano ni watu, na kwa maoni yetu hii ndiyo mama wa zingine zote. Wengi walioungua wanasema walijua nyuma ya moto nani ni rafiki wa kweli. Wanasema pia kwamba sasa, wakiona mtu anateseka, wanajua namna ya kukaa naye bila kusema mengi.

Sikia sasa neno la maana. Kukomaa na huzuni vinakaa ndani ya mtu mmoja, siku moja. Asubuhi unaweza kumfundisha mdogo wako hesabu na kusikia furaha, jioni ukalia juu ya uso wako. Kulia huku hakuharibu kile ulichopata asubuhi. Tena si kila mtu anapata mabadiliko haya. Kama umetafuta ndani yako na huoni hata moja, hukuanguka katika egzamen yoyote. Kuna hata wataalamu wanaobisha, wanaosema mtu anaweza kujidanganya kwamba amekomaa kusudi asisikie uchungu. Ubishi wao una faida: unatufundisha tusimsukume kijana kusema maneno mazuri mbele ya wageni. Tuangalie badiliko katika yale anayoyafanya.

Mawazo yanayojiingiza na mawazo unayoyaita

Siku za kwanza mawazo yanakuingia bila hodi. Unaona miali, unasikia kelele, unaruka kitandani. Si wazimu, wala si majini. Kichwa kinafanya kama mbwa aliyepigwa: kila kelele kinafikiri ni fimbo. Kwa watu wengi mambo haya yanapunguka katika wiki na miezi ya kwanza.

Kuna mawazo ya namna nyingine, yale unayoyaita wewe mwenyewe, kwa saa unayochagua. Ndiyo yanayosaidia kujenga tena. Fanya hivi. Chagua mtu mmoja unayemwamini, pengine yaya yako, pengine muuguzi aliyekufunga kidonda. Mwambie habari yako tangu mwanzo, kidogo kidogo, na mahali unaposhindwa, simama. Siku nyingine endelea. Kama huna mtu, ao haya inakushika, nunua kaye ndogo uandike. Usiandike moto tu. Andika pia nani alikubeba, nani alikuletea uji, wewe ulisema nini, sasa unaogopa nini, na unataka nini. Usitafute Kifaransa kizuri. Andika kama unavyosema nyumbani.

Na kama unaogopa moto wenyewe? Hiyo ni woga ya haki, lakini ukiikubalia yote itakufungia mlango wa jikoni maisha yako yote. Siku ya kwanza kaa mbali, pahali unaona moshi tu. Kaa mpaka moyo utulie, halafu uondoke. Siku zingine sogea hatua mbili. Kisha chochea makala pamoja na mwenzako, bila haraka. (Mwenye kifafa asifanye kazi ya moto peke yake, na anywe dawa yake kila siku bila kuacha. Kifafa hakiambukizi. Ukimwona mtu mwenye kifafa ameanguka motoni, mvute upesi, usiogope mate yake.)

Ngozi nayo inakomaa

Vijana wengi hawajaelezwa jambo hili: kovu la miezi mitatu si kovu la miaka miwili. Mwanzoni linavimba, linakuwa gumu, linawasha sana hasa usiku, na rangi yake si ya ngozi yako. Halafu polepole linalainika na kushuka. Kazi hii inachukua mwaka mmoja, mara nyingi mwaka na nusu ao miwili. Kwa hiyo usiamue maisha yako yote katika mwezi wa tatu. Usiseme "Sitarudi tena shule", usivunje uchumba, usiuzishe mashini yako ya kushona. Ngoja kidogo.

Lakini kungoja si kulala. Fasi inayokupa raha ndiyo fasi inayokukunja. Shingo iliyoungua inapenda mto, na mto unaivuta kidevu mpaka kifuani. Ondoa mto, weka nguo iliyokunjwa chini ya mabega. Kiwiko kikae kimenyooka. Mkono usilale karibu na mbavu, uwe mbali. Kila kidole kifungwe peke yake. Nyoosha viungo mara nyingi kwa siku, namna ulivyoonyeshwa hospitalini, hata kama kunauma. Ngozi ikisha kufunga kabisa, ipake mafuta yasiyo na harufu kali na kuisugua kwa kidole gumba, na uifunike na jua. Kula maharagi, karanga, soya, mayai, sambaza ao ndagala: ngozi inajengwa na vyakula hivi.

Pengine unasema: haya ni ya mwili, somo ni la moyo. Hapana, ni jambo moja. Kijana anayeweza kuinua mkono na kujichana nywele ana sababu moja ya kuamka asubuhi. Na kama kiungo kimekwisha kukunjwa, usikate tamaa: mara nyingi munganga mpasuaji anaweza kukifungua, hata nyuma ya miaka. Uliza.

Mji ambao watu wake hawakukodoa macho

Tumesema kwamba watu ndio mama wa mabadiliko mengine. Kuna mfano mmoja uliojulikana sana, na hata kama ni wa mbali na wa zamani, unaonyesha jambo hili kuliko mingine.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, vijana waliorusha ndege za Uingereza waliungua wengi. Esanse ilikuwa karibu nao, na ndege ikipigwa moto uliruka usoni na mikononi. Wengi walikuwa na miaka ishirini na kitu. Walipelekwa katika hospitali ya Queen Victoria, mji mdogo wa East Grinstead, kusini ya London, kwa munganga mpasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. Aliwatengenezea kope, pua na midomo kwa ngozi iliyotolewa pahali pengine pa mwili. Kazi ya kijana mmoja iliweza kuchukua miaka, kupasuliwa mara nyingi.

McIndoe aliona upesi kwamba kisu hakitoshi. Unaweza kumpa kijana kope mpya, lakini kama anajificha chumbani, umemponyesha kwa nani? Basi alifanya mambo ambayo wakubwa wengine hawakuyapenda. Aliwaacha wavae nguo zao za kaskari, badala ya nguo za wagonjwa. Aliweka pipa la pombe katika chumba cha wagonjwa (hili hatuwaambii wauguzi wetu waige). Aliwapa kazi ya mikono katika karakana ndogo. Zaidi ya yote alikwenda kwa wakaaji wa mji, akawaomba wawakaribishe vijana hawa nyumbani, wawaangalie machoni, wazungumze nao kama na kijana yeyote. Na wenye mji walikubali. Vijana wenye nyuso zilizoshonwa nusu walikwenda sinema, walikula nyumbani kwa watu, walicheza dansi. Mpaka leo mji ule unaitwa mji ambao haukukodoa macho.

Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda kundi, wakajiita kundi la simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye watu wengi wa Kivu wanamfuga, na ambaye waganga wa Ulaya wanamtumia kujaribia dawa. Walijicheka hivyo kwa sababu upasuaji wao ulikuwa mpya, wa kujaribu. Mwisho wa vita kundi lilikuwa na watu 649. Wengine walirudi kurusha ndege, wengi walipata kazi, walioa, walizaa. Waliendelea kukutana kila mwaka mpaka uzeeni.

Angalia vizuri nini iliyowasaidia. Ufundi wa munganga, ndiyo. Lakini pia wenzao waliopatwa na jambo lile lile, kazi ya mikono, mizaha, na mji uliofundishwa namna ya kuangalia. Hivyo vinne vya mwisho havihitaji feza nyingi. Kijiji chetu, parokia yetu, kartie yetu inaweza kuvipata.

Kioo, soko, na maulizo ya watu

Mji wako pengine haukufundishwa. Kwa hiyo utaanza wewe. Kuna Mwingereza mwingine, James Partridge. Mwaka 1970 alikuwa na miaka 18. Gari lake lilipata ajali, likawaka, akaungua uso na mwili. Alipasuliwa miaka mingi. Baadaye alifuga ng'ombe wa maziwa na kufundisha shule, na mwaka 1992 akaanzisha chama cha kusaidia watu wenye uso ulioharibika. Alikifanyia kazi miaka mingi, akafa mwaka 2020. Fundisho lake moja ni hili: mtu anayekutana nawe mara ya kwanza anafadhaika, hajui aweke macho yake wapi. Ukingojea yeye aanze, mtabaki wote wawili katika haya. Anza wewe: salimia, taja jina lako, sema neno. Akisikia sauti yako, anaacha kuona kovu peke yake.

Tengeneza jibu lako mbele, ulizoee kama salamu. Mtu akiuliza sokoni: "We dada, ulifanywa na nini?" jibu kwa ufupi: "Niliungua na moto. Sasa nimepona. Nyanya bei gani?" Basi. Huna deni la kumwambia kila mpita njia habari yote. Mtoto akiogopa, usimfukuze. Mwambie: "Ni ngozi tu, iliungua, haiumi tena. Unaweza kugusa." Mara nyingi atagusa, atacheka, atakimbia kuwaambia wenzake. Na mlevi ao mjinga anayekuzomea? Huyu usimjibu, pita. Nguvu yako ni ya wale unaoishi nao.

Juu ya kioo. Wengine wanaficha vioo vyote vya nyumba, miezi na miezi. Siku moja kijana anajiona katika dirisha la gari, peke yake, katikati ya njia. Hiyo ni mbaya zaidi. Wengine wanamletea kioo kwa nguvu. Hiyo vilevile si vema. Wewe ndiye utasema siku. Mtu unayempenda akae karibu. Tumia kioo kidogo, dakika moja, halafu mzungumze. Kesho tena. Unaweza kuomboleza uso wa zamani kama mtu anavyoomboleza marehemu, maana kweli umepoteza. Siku itakuja utaangalia kioo kwa kutengeneza nywele tu.

Soko nalo ni hivyo hivyo. Mara ya kwanza nenda saa watu ni wachache, pamoja na rafiki, ununue kitu kimoja, urudi. Mara ya tatu ao ya nne nenda saa ya wengi.

Kazi, na kumtembelea mwenzako

Kurudi shule ni dawa kubwa. Lakini mwalimu ajulishwe mbele, na aseme na wanafunzi kabla hujaingia, kwa maneno machache bila kukuhurumia. Kama vidole havishiki kalamu, uliza hospitali namna ya kuifunga mkononi. Mwenye kazi ya moto ao ya jua kali pengine atabadilisha kazi. Kushona, kutengeneza simu, kuuzisha dukani, kufundisha: vijana wengi wanaanza hapo kwa kulazimishwa, halafu wanaona ni njia yao.

Na hii hapa ni kazi ambayo wewe peke yako unaweza kuifanya. Katika hospitali leo kuna kijana mwingine, ameungua wiki hii, amegeuza uso ukutani. Munganga akimwambia "Utaishi," anasikia maneno ya mtu mwenye ngozi nzima. Wewe ukiingia na makovu yako, ukikaa kwenye kiti, ukimwambia "Mimi pia nililala katika kitanda kama hiki," anageuka. Uliza wauguzi kwanza, maana mgonjwa mwenyewe apaswa kukubali. Nawa mikono. Usimwahidi kwamba atakuwa kama zamani, usimwonyeshe kwamba wewe ni shujaa. Jibu anayouliza. Wale waliofanya hivi wanasema hawakujua nani alisaidiwa zaidi, mgonjwa ao wao. Lakini usianze mapema sana. Kama harufu ya chumba kile inakurudishia moto usiku kucha, ngoja miezi mingine.

Kwa baba, mama, bwana na bibi

Ninyi wazazi, tunajua mmeuza mbuzi, mmekopa feza, mmelala chini ya kitanda usiku mwingi. Sasa mnamfungia kijana katika chumba cha nyuma kusudi watu wasimcheke. Mnamlinda, lakini yeye anaelewa hivi: "Hata mama yangu anaona haya juu yangu." Mtoeni barazani. Wageni wakija, akae nao. Msizungumze habari zake kana kwamba hasikii.

Tena msimfanyie kila kitu. Mkono unaouma unaweza kuchambua sombe ao kupeta mchele. Chelewa kidogo, mwache ajaribu, hata kama atamwaga.

Na ile shauri ya nani alimloga, ya kutafuta mchawi katika jamaa? Mtaigombania miaka, mtapoteza feza ya dawa, na kijana atajifunza kwamba nyumba yake iliungua mara ya pili. Iacheni.

Bwana ambaye bibi yake ameungua, ao bibi ambaye bwana wake ameungua: mguse. Shika mkono wake, hata ule wenye kovu. Kovu haliambukizi. Mambo ya kulala pamoja yanaweza kurudi, mkizungumza juu ya pahali panapouma na pahali pasipouma.

Wakati wa kurudi hospitalini bila kungoja

Huzuni yote si ya kuachia nyumbani. Kama kijana anasema "Afazali ningekufa", ao anakataa chakula, ao hasinzii wiki na wiki, ao anawapa wengine vitu vyake kana kwamba anaaga, ao anaanza kunywa pombe kila siku kusudi asahau, mlete upesi. Usimwache peke yake, na ondoa dawa nyingi, kamba na sumu ya panya karibu naye. Muulize wazi: "Unawaza kujiua?" Ulizo hili halimtii wazo jipya kichwani, mara nyingi linampa nafasi ya kupumua. Na wewe kijana, kama mawazo haya ni yako, mwambie muuguzi leo, hata kwa neno moja. Hii ni sehemu ya kuungua, kama vile homa ni sehemu ya kidonda, na inatunzwa.

Maulizo ya kuzungumza katika kundi

1. Katika kartie yetu kuna kijana gani aliyeungua ambaye hatumwoni tena kanisani, shuleni ao sokoni? Nani atakwenda kumsalimu wiki hii?

2. Tulipomwona mara ya mwisho, tuliangalia wapi? Tulisema nini?

3. Kazi gani ya kwetu inaweza kufanywa na mtu ambaye vidole vyake vimekunjwa?

4. Wewe uliyeungua: andika jibu lako la sokoni, maneno yasipite kumi. Lisome kwa sauti mbele ya mwenzako.